Vijinzi wa kwenye chungu cha maua: Somo la mzee wa Barabara ya Bagamoyo

Dar es Salaam. Mvua iliyonyesha usiku kucha imekatika alfajiri, na kufikia saa 2 asubuhi jua la Aprili limeshaanza kuchoma pembezoni mwa Barabara ya Bagamoyo.

Ukitoka Mwenge, ukaipita Lugalo na kuelekea Tangi Bovu, Afrikana hadi Tegeta, abiria aliyekaa dirishani kwenye daladala huona vipande vya kijani vikikatiza kati ya maduka ya vifaa vya ujenzi, gereji na vibanda vya chipsi. Ni bustani za miche na maua. Zimepangwa kwenye hifadhi ya barabara, nyingine zina upana wa hatua 10 tu, na wenye nazo wanajua kwamba siku yoyote wanaweza kuambiwa wahame.

Ndani ya bustani mojawapo, vijana wawili wanajaza udongo kwenye viriba vyeusi. Kuna harufu ya samadi na majani mabichi. Bogenvilia zimesimama mstari mmoja, waridi mstari mwingine, na chini ya wavu wa kivuli vimepangwa vyungu vya maua yasiyopenda jua kali. Mwenye bustani, mzee mwenye kofia ya kufumwa, anapita akiingiza kidole kwenye kila chungu. Hana haraka. Anapotoa kidole kikiwa na udongo, anaruka chungu kinachofuata bila kukimwagilia. Kidole kikitoka kikavu, ndipo anamwita kijana alete keni ya maji.

Bajaji inasimama. Anashuka mama mmoja, umri wake miaka 30 na kitu, amebeba ndoo ndogo iliyofunikwa kanga. Anaitua chini taratibu kama aliyebeba mayai.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Karibu.”

Anafunua kanga. Ndani ya ndoo kuna chungu, na ndani ya chungu kuna ua lenye majani marefu kama mikanda, limeota kutoka kwenye kitunguu kikubwa kama ngumi ya mtu mzima. Majani mawili yamekuwa ya njano. Mara tu kanga inapoondoka, vijinzi vyeusi, wadogo kuliko punje ya mchele, wanapaa kutoka kwenye udongo, wanazunguka kidogo hewani kama wasiojua kuruka vizuri, kisha wanatua tena palepale.

“Ua hili hukununua huku,” mzee anasema.

“Sikulinunua, baba. La marehemu mama. Limetoka Lushoto.”

Urithi uliojaa vijinzi

Mama huyo, anayeishi Mbezi Beach, anaeleza kwamba baada ya mama yake kufariki, ndugu waligawana vitu vya nyumbani. Yeye aliomba kitunguu kimoja cha maua mekundu yaliyokuwa kwenye baraza. Alikileta Dar es Salaam, akakipanda kwenye chungu na kukiweka sebuleni karibu na dirisha. Kilitoa maua mara moja, makubwa, mekundu, manne kwenye shina moja. Alipiga picha akawatumia ndugu zake wote.

Masika ilipoanza, wakaja vijinzi. Kwanza wawili watatu kwenye kioo cha televisheni, kisha kwenye chai, kisha usoni kwa mtoto akiwa amelala.

Alichofanya ndicho ambacho wazazi wengi wangefanya. Alinunua dawa ya kupuliza ya kuulia mbu, akawa anapuliza sebuleni kila jioni, wakati mwingine mara mbili. Vijinzi walikufa, lakini asubuhi wakawepo wengine. Mtoto wake wa miaka minne, ambaye ana pumu, alianza kukohoa usiku. Alipompeleka kliniki, swali la kwanza la daktari lilikuwa: “Nyumbani mnapuliza nini?”

Mume wake alisema ua litupwe. Jirani yake naye alimletea dawa ya shambani ndani ya chupa ya soda, akamwambia amimine kifuniko kimoja kwenye udongo, vijinzi wote watakwisha.

“Umemimina?” mzee anauliza.

“Hapana. Niliogopa. Chupa iko jikoni, juu ya kabati.”

Mzee hajibu. Anaingiza kidole kwenye chungu, anakitoa kikiwa kimelowa hadi kwenye pingili ya pili, anakinusa.

“Ua lako haliumwi, mwanangu,” anasema. “Limelewa maji.”

Vijinzi hawa ni akina nani

Vijinzi wanaozunguka vyungu vya maua ni jamii ya nzi wadogo sana, wenye urefu wa milimita 2 hadi 4, miguu mirefu na mwili mweusi. Hawaumi, hawanyonyi damu na hawaambukizi binadamu ugonjwa. Si usubi, ambao huuma na kuacha ngozi ikiwasha.

Si wale nzi wa matunda pia. Nzi wa matunda ni wanene kidogo, wengi wana macho mekundu, na hupenda ndizi au embe lililoiva kupita kiasi. Wala si wale wenye mbawa zenye manyoya wanaokaa ukutani bafuni, ambao hutoka kwenye mabomba ya maji machafu. Mzazi anaweza kuwatofautisha kwa jaribio rahisi: atikise chungu kidogo. Wakipaa kutoka kwenye udongo, makazi yao ni hapo.

Kinachowavuta si ua lenyewe, ni unyevu. Jike hutaga mayai kwenye udongo uliolowa, na anaweza kutaga hadi 200 katika maisha yake ya siku chache. Mayai huanguliwa baada ya siku kadhaa na kutoa funza wembamba, weupe wanaopenyeza mwanga, wenye kichwa cheusi kinachong’aa. Funza hao hukaa zaidi kwenye sentimita 5 za juu za udongo, wakila ukungu na majani yanayooza. Wakiwa wengi, hutafuna pia mizizi midogo.

Kutoka yai hadi nzi kamili huchukua takriban wiki 3 hadi 4, na kwenye joto muda huo hupungua. Ndiyo maana kupuliza dawa hewani hakumalizi tatizo. Dawa huua wanaoruka leo, huku watakaoruka wiki ijayo wakiwa salama ndani ya udongo.

Maua yanayoota kutoka kwenye kitunguu huathirika zaidi kwa sababu ya maumbile yake. Kitunguu ni ghala. Kimehifadhi maji na chakula cha kulivusha ua kipindi cha kiangazi. Mwenye chungu akimwagilia kila siku kama anavyomwagilia mchicha, ghala hilo linaoza, na kuoza huko ndiko kunakowapa vijinzi chakula.

Mzee anaonyesha chungu kingine chini ya wavu, kilichotoa ua la ajabu: mpira mwekundu wa nyuzinyuzi, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Huo ni mmea wa Afrika, unaoota wenyewe porini katika nchi nyingi kusini mwa Sahara, na huchanua mvua zinapoanza. Kiangazi majani yake hunyauka yote, chungu kikabaki kama kitupu.

“Hapo ndipo wateja wangu wanapokosea,” anasema. “Wanaona majani yamekufa, wanaongeza maji. Ua limelala. Aliyelala humpi maji, unamwacha alale.”

Ndani ya chungu

Mzee anakilaza chungu, anagonga pembeni, na udongo wote unatoka kama keki. Ni mweusi, mzito, unanuka. Kwenye uso wake, ukitazama kwa makini, kuna nyuzi nyeupe zinazojisogeza. Mama anarudi nyuma hatua moja.

“Hao ndio wazazi wa wale uliokuwa unawapulizia?”

“Hawa ndio watoto wao,” mzee anamsahihisha, na vijana wanacheka.

Anaukung’uta udongo wote, anaosha kitunguu kwenye ndoo, kisha anakiminya kwa dole gumba pande zote. Hapa mama ananyamaza. Kitunguu kilichooza hubonyea na kutoa maji yenye harufu mbaya, na kikifika hapo hakiokoki. Mzee anaminya juu, anaminya chini, anarudia sehemu moja karibu na kitako.

“Kigumu,” anasema hatimaye. “Hapa kwenye kitako pameanza, lakini hapajaingia ndani.”

Kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti anakata mizizi iliyokuwa ya kahawia na laini, anaiacha myeupe. Anakwangua sehemu ndogo iliyoanza kuoza. Kisha anakifunga kitunguu kwenye gazeti na kumwambia mama akiweke kivulini, mahali penye hewa, siku tatu au nne hadi kidonda kikauke, kabla ya kukipanda upya.

Maelekezo yake ya kupanda ni mafupi. Chungu kiwe na tundu chini, na tundu lisizibwe. Udongo usiwe wa samadi mbichi, kwa sababu samadi ambayo haijaiva vizuri ni karamu ya vijinzi. Achanganye udongo wa bustani, mchanga wa mto na mboji iliyoiva. Kitunguu kisizikwe chote: theluthi moja au hata nusu ibaki juu, shingo ikiwa nje. Juu ya udongo atandaze mchanga mkavu wa unene wa sentimita moja au mbili, ili jike asipate pa kutagia.

Na maji? Mzee anainua kidole kile kile. “Pingili mbili. Kidole kikitoka na udongo, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia pembeni ya chungu, usimwagie kitunguu kichwani.”

Kwa vijinzi waliokwisha kuwa ndani ya nyumba, njia isiyo na sumu ipo. Huvutwa na rangi ya njano. Kipande cha kadibodi au mfuniko wa njano uliopakwa mafuta mazito ya mgando, ukisimamishwa karibu kabisa na udongo, hunasa wengi. Ili kujua kama funza bado wamo, mzazi anaweza kulaza vipande vya kiazi mbatata kibichi juu ya udongo. Baada ya siku mbili au tatu avigeuze. Kama funza wapo, watakuwa wamekusanyika chini yake, na vipande hivyo hutupwa pamoja nao.

Kinachotakiwa ni subira. Kwa kuwa kizazi kimoja huchukua wiki kadhaa, atakayeona vijinzi wachache siku ya kumi asidhani ameshindwa. Udongo ukiendelea kukauka juu, hakuna kizazi kitakachofuata.

Kilichokuwa chini ya chungu

Wakati kijana mmoja anaitoa sahani ya plastiki iliyokuwa chini ya chungu cha mama huyo, anasita. Maji yaliyobaki ndani, kiasi cha nusu kikombe, yanachezacheza. Anaisogeza juani. Ndani kuna viluwiluwi, wakipinda na kunyooka, wakipanda juu kuvuta hewa na kushuka tena.

Hawa si watoto wa vijinzi. Ni viluwiluwi wa mbu.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa muda wote ambao macho ya nyumba nzima yalikuwa juu, kwa vijinzi wasiodhuru. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hapendi madimbwi makubwa. Hupenda maji kidogo yaliyotuama karibu na watu: kwenye matairi, ndoo, vifuu vya nazi na sahani za vyungu vya maua. Kutoka yai hadi mbu kamili huweza kuchukua wiki moja hadi siku 10 tu.

Dar es Salaam inamjua mbu huyu. Jiji lilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Tofauti na mbu wa malaria anayeuma usiku, Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni, wakati watoto wako macho wakicheza na chandarua kimefungwa juu.

Kumwaga maji ya sahani ni hatua ya kwanza, lakini haitoshi. Mayai ya Aedes hugandishwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yarudi. Ndiyo maana sahani inatakiwa kusuguliwa kwa brashi na sabuni angalau mara moja kwa wiki. Wengine huijaza mchanga, ili maji yanayochuruzika yanyonywe na yasituame. Njia rahisi zaidi ni kumwagilia chungu nje, kukiacha kichuruzike nusu saa, kisha kukirudisha ndani kwenye sahani kavu.

Mtoto anayepata homa kali ya ghafla, maumivu ya kichwa, ya nyuma ya macho au ya viungo anatakiwa kupelekwa kituo cha afya apimwe, hata kama kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu. Asipewe aspirini wala ibuprofeni akiwa nyumbani, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu iwapo ni dengue.

Chupa iliyo juu ya kabati

Mzee anarudi kwenye jambo ambalo hakulijibu mwanzoni.

“Ile chupa ya soda, mwanangu. Mtoto wako anaipenda soda?”

Mama anatikisa kichwa kukubali, taratibu.

Viuatilifu vya shambani hutakiwa kuuzwa vikiwa vimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), vikiwa kwenye chombo chake chenye lebo inayoeleza ni sumu gani, itumike wapi na nini kifanyike ikimezwa. Dawa ikihamishiwa kwenye chupa ya soda, yote hayo yanapotea. Kwa mtoto wa miaka minne, kinachobaki ni soda.

Mtoto akimeza sumu ya aina hiyo, asitapishwe kwa nguvu na asipewe maziwa wala mafuta, ingawa ndivyo wengi walivyozoea. Awahishwe hospitali, na aliyempeleka abebe chombo chenyewe ili daktari ajue anapambana na nini. Chupa ambayo haihitajiki isimwagwe kwenye sinki wala chooni. Ifungiwe mbali na watoto, kisha aulizwe ofisa kilimo wa kata namna ya kuiteketeza.

Dawa ya kupuliza ya mbu nayo ina mahali pake, lakini si kila jioni ndani ya chumba kilichofungwa chenye mtoto mwenye pumu. Ukungu wake unaweza kuwasha njia ya hewa na kuamsha kikohozi. Inapolazimu kutumika, watu na vyakula hutoka kwanza, na madirisha hufunguliwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya watoto kurudi.

Kabla mama hajaondoka, mzee anachukua kalamu na kuandika kwa herufi kubwa juu ya gazeti lililofunga kitunguu: SI CHAKULA.

Si mzaha. Kitunguu cha ua hili, kikiwa kimefungwa na kuwekwa jikoni, hakina tofauti kubwa na kitunguu maji. Kina kemikali iitwayo likorini, inayosababisha kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuharisha. Kile cha ua la mpira mwekundu nacho kina sumu. Dada wa kazi au bibi mgeni anaweza kukikata kwenye mboga bila kujua.

Wiki tano baadaye

Masika inaelekea mwisho mama huyo anaposhuka tena kwenye bajaji, safari hii ameshikana mkono na mtoto. Amekuja kununua chungu cha pili, chenye tundu kubwa zaidi.

Kitunguu kimeshika, anasema. Jani moja jipya limetoka, fupi, la kijani iliyokolea. Maua bado, na mzee amemwambia asiyategemee mwaka huu. Vijinzi wamebaki mmoja mmoja. Wiki iliyopita aligeuza kiazi akakuta hakuna kitu. Chungu kimehamia barazani na sahani yake imejaa mchanga. Ile chupa ya soda haipo tena ndani ya nyumba. Dawa ya kupuliza ameacha, na mtoto sasa analala hadi asubuhi, ingawa bado wanahudhuria kliniki ya pumu.

“Babake hajasema tena litupwe?” mzee anauliza.

“Anasema akiona kijinzi kwenye chai yake tutaongea upya.”

Mzee anacheka. Mtoto, ambaye amekuwa akimtazama akipita kwenye vyungu, ameinama kwenye chungu cha karibu na kuingiza kidole chake kifupi kwenye udongo. Anakitoa, anakitazama.

“Kina udongo, babu.”

“Basi?”

“Tusimwagilie.”

Mama anamshika mkono, anampeleka kwenye bomba la bustani kunawa, kisha wanarudi barabarani kusubiri bajaji, chungu kipya kikiwa kwapani.